Chuma cha Kukanyagia

Baba alimwachia mama vitu viwili: pikapu kuukuu na nyonga mbovu. Pikapu aliinunua kwa jasho lake, akisafirisha maharagwe, viazi na kabichi kutoka kwetu milimani hadi kwenye maduka ya Kulamawe na Garbatulla. Nyonga ilikuja bure. Siku moja mama alishuka kwenye pikapu hiyo kwa haraka, ameitwa kwenye zahanati ya Kulamawe alikokuwa mkunga, mguu ukakosa ardhi akaangukia mawe. Tangu hapo anatembea akiegemea upande mmoja, na ukimwonea huruma anakujibu kwamba mawe ndiyo yaliyoumia zaidi.

Baba hakuwa mtu wa kuomba radhi kwa maneno. Alichukua chuma cha kitanda kilichovunjika pale zahanati, akakikata, akakichomelea chini ya mlango wa abiria kiwe cha kukanyagia. Chuma kilikuwa kimepinda kidogo, na kilibaki na ile rangi nyeupe ya vitanda vya hospitali. Kwa miaka yote aliyoliendesha gari lile, hilo ndilo badiliko pekee alilowahi kulifanya. Wanawake wa Kulamawe walioshikwa na uchungu walikanyaga pale wakipelekwa hospitali Isiolo, na mama akapanda nyuma yao. Wako watu wenye ndevu leo ambao walipanda ngazi ile kabla ya kuzaliwa.

Nimeanza na chuma hicho kwa sababu kaka yangu na wenzake nao walianza nacho. Wao walianza kwa kukikata.

Mimi ni mwalimu wa sayansi. Wenzangu wa kike shuleni wakifunga muhula husuka nywele, hulima au husengenya, na sina ugomvi na lolote kati ya hayo. Mimi hulala chini ya gari. Nilijifunza kwa baba, nikimshikia spana huku akinifokea, na baada ya kufariki kwake pikapu ikawa mchezo wangu wa likizo. Ilikuwa imeegeshwa nyuma ya nyumba yetu mtaa wa Kiwanjani, Isiolo, chini ya mwarobaini, kuku wakitaga kwenye kiti cha dereva. Kila likizo nilifungua kitu, nikakisafisha, nikakirudisha. Sikuwa na haraka. Watu waliopita uani walinishauri niolewe, na wengine walinishauri niiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Nilipima ushauri wote kwa kuangalia mikono ya mshauri, na nadra sana nilikuta mkono wenye grisi.

Haraka ililetwa na mama muuza maziwa. Huyu ni Mborana ambaye huja na maziwa ya ngamia kutoka upande wa Kulamawe, na hutuuzia kabla hajafika sokoni. Asubuhi moja aliteremsha mtungi mlangoni, akamwita mama.

"Daktari, rafiki yako amenituma," alisema. Kule kila aliyewahi kuvaa koti jeupe ni daktari. "Anasema masikio ilikufa, unajua. Sasa macho pia inaenda. Anasema ukuje akuone na macho bado iko."

Mama aliketi kwenye kibaraza. Rafiki huyo alikuwa jirani yake miaka yote ya zahanati. Mama alizalisha watoto wake wote, na mama alipovunjika nyonga yeye ndiye aliyemwogesha na kumlisha, akimtania kwamba sasa mkunga naye amejua kulala chali. Tangu mama astaafu walikuwa wakisalimiana kwa simu, hadi masikio ya yule bibi yalipofunga, na simu ikabaki kuwa kelele za "haloo" upande mmoja na "ati nini" upande mwingine. Sasa yalikuwa yamebaki macho tu, na macho hayapigiwi simu.

"Nitaenda," mama alisema. "Mwambie asiyafumbe."

Kwenda kwenyewe ndiko kulikokuwa na kazi. Basi la asubuhi lina ngazi za watu wenye magoti, na mara ya mwisho mama alipolipanda alilala wiki nzima akimlaani aliyelibuni. Magari madogo ya mjini yakisikia barabara ya Garbatulla hukumbuka yana mgonjwa hospitali. Ikabaki pikapu. Nilimwambia mama anipe likizo ile ya shule, na kabla ya shule kufunguliwa nitampeleka mwenyewe.

Nilifanya kazi kama mtu anayedaiwa. Nilitoa maji kwenye tangi la dizeli, nikafukuza nyigu waliojenga ndani ya kichujio cha hewa, nikavua klachi na kuirudisha mara mbili kwa sababu mara ya kwanza nilikuwa mpumbavu. Radieta ilivuja, nikaiziba. Siku injini ilipowaka, moshi ulifunika ua mzima, na jirani akaja mbio na ndoo ya maji. Mama alitoka jikoni, akakanyaga chuma chake cheupe, akashika mlango, akakaa kitini. Alipanda bila kushikwa na mtu. Akaangalia mbele kupitia kioo chenye ufa, akasema, "Hata ningefungwa humu ndani, niko sawa." Zilikuwa zimebaki raba za breki tu; za zamani zilikuwa zimechoka, na mpya nilikuwa nimeziagiza Nairobi.

Hapo ndipo kaka yangu alipogundua kwamba tuna gari.

Ni kifungua mimba wa nyumba yetu, na ana cheo katika ofisi moja ya serikali mjini, cheo ambacho kazi yake kubwa ni kuhakikisha kiti hakihami. Alikuja Jumamosi na wenzake wawili, wote wa ofisini, wote wakiwa na kofia, mabuti ya jangwani na vizibao vyenye mifuko mingi kuliko vitu walivyokuwa navyo vya kutia. Wanaitana "kamanda". Kila mmoja ana gari la kazi la zamani ambalo ameligeuza, na kila wikendi huenda nayo mpaka mwisho wa lami, huyapiga picha yakitazama porini, kisha hurudi kula nyama choma. Kazi yao yote ni hiyo. Wameyatayarisha magari yale kuvuka dunia, na dunia imesubiri mpaka imechoka.

Kaka alizunguka pikapu akiipiga makofi ubavuni.

"Sis, hii gari iko na body safi sana. Tukiifanyia kazi itakuwa kitu."

"Tayari ni kitu," nilimwambia. "Ni gari."

"Hapana, we huelewi. Nasema kitu kitu."

Mmoja wa makamanda aliinama akachungulia chini, akatikisa kichwa kama daktari mbele ya mgonjwa asiye na bima. "Iko chini sana," alisema. "Lazima iinuliwe."

Niliwaambia kwamba gari lile limeenda Garbatulla na kurudi likiwa chini hivyo hivyo tangu wao wakichezea udongo, na kwamba mama anasubiriwa. Kaka alicheka kile kicheko cha wakubwa wa ofisi, akamgeukia mama badala yangu. "Mathe, unataka kwenda Kulamawe na hii takataka? Nipe wiki mbili tu. Tutakuinua, mama. Utaenda kama malkia."

Mama alinitazama, kisha akamtazama. Nilijua atakachosema kabla hajasema, kwa sababu ndivyo ilivyo kwetu: binti anaweza kulala chini ya gari mpaka aote mizizi, lakini gari ni la kijana.

"Ni ya baba yenu," alisema. "Na yeye ndiye mkubwa. Wacha aifanye."

Wakaondoka nayo siku ile ile, wakiiendesha kwa zamu na kupiga honi, kwa injini ambayo mimi ndiye niliyeifufua. Niliingia ndani nikaosha mikono. Nilikuwa na hasira iliyonifanya nioshe mara ya pili.

Wiki mbili zilipita, na zingine zikazifuata. Mama muuza maziwa alileta salamu kama mtu anayeleta bei za soko. Wiki moja rafiki alikuwa amemwona kuku akamfukuza akidhani ni paka. Wiki nyingine alikuwa amemwagia chai mkono wa mkwewe. "Lakini mtu akikaa karibu, hivi," alisema, akaweka kiganja mbele ya uso wake, "anamjua. Mbali ndio hakuna." Mama alisikiliza akichambua buni. Alikuwa ameletewa mkebe wa buni kavu kutoka milimani, zile ambazo hazijatolewa ganda, kwa sababu Waborana huzikaanga nzima kwenye samli, na rafiki yake alimfundisha kuzila hivyo. Wao huziita buna. Kila siku mama alizimimina, akazichambua, akatoa jiwe ambalo halikuwepo, akazirudisha mkebeni.

Mwishowe nilikwenda kwenye uwanja ambako makamanda hutengenezea magari yao. Nasema hutengeneza kwa heshima ya lugha. Fundi wa kulipwa ndiye aliyekuwa akifanya kazi, wao walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki wakimshauri.

Pikapu ya baba sikuitambua. Ilikuwa imepachikwa vipande vya chuma kati ya ekseli na springi, na springi zenyewe zilikuwa za gari kubwa zaidi, ngumu kama benchi la kanisa. Matairi yalinifika kiunoni. Juu ya paa palikuwa na msururu wa taa za kutosha uwanja wa mpira. Mbele palikuwa na winchi ya kuvutia gari lililokwama. Ubavuni, kutoka kwenye boneti hadi juu ya kioo, lilipanda bomba jeusi la plastiki.

"Hii ni nini?"

"Hiyo ni pua," kaka alisema. "Ya kupumulia ukipita kwa maji mengi."

Nilitazama pande zote. Tulikuwa Isiolo, mwezi wa vumbi, mbuzi wakila katoni. "Maji gani?"

"Mvua ikikuja."

Nilizunguka upande wa abiria nikakuta kovu. Mahali pa kile chuma cheupe palikuwa pamekatwa kwa mashine na kupakwa rangi nyeusi juu yake. Nilimuuliza kaka kiko wapi.

"Kile cha kitanda? Kilikuwa kinaharibu laini ya gari, sis. Kiliondoka na jamaa wa vyuma chakavu."

Sikumpiga. Nilikuwa na spana mkononi, na nadhani hilo linahesabika kama wema. Nilimuuliza tu mama atapandaje, na kamanda mwingine, ambaye hakuwa ameulizwa, akajibu, "Madam, msijali, tutamwinua." Neno hilo walilipenda sana, kila kitu kwao kilikuwa cha kuinuliwa. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Sidhani waliwahi kuuona mkakasi wenye taa juu ya paa.

Siku waliyoirudisha walikuja kwa msafara. Magari matatu marefu yaliingia mtaani kwetu wakati watu wanatoka kanisani, honi zikilia, na watu wa Kiwanjani, ambao hutoka nje hata kwa ugomvi wa mabata, walijaa kwenye ua. Mama alikuwa tayari tangu alfajiri. Alivaa gauni lake la ibada na kilemba cheupe, mkebe wa buni ukiwa umefungwa kwenye leso mpya ambayo pia ilikuwa zawadi. Alilisogelea gari kwa fimbo yake. Sakafu ya gari ilimfika kifuani.

Aliangalia chini ya mlango, pale alipozoea kuweka mguu. Akapapasa kwa ncha ya fimbo, mara moja, mara ya pili. Fimbo ilipita hewani.

"Chuma yangu iko wapi?"

Kaka aliagiza kiti. Kikaletwa kigoda cha jikoni, kikawa kifupi. Likaletwa kreti la soda, likawekwa juu ya kigoda, na mama akauliza kama ni wao waliorukwa na akili au ni yeye. Kisha makamanda wawili wakamshika, mmoja kwapa la kulia na mwingine la kushoto, wakahesabu moja, mbili. Kabla ya tatu fimbo ya mama ilimpata mmoja wao kwenye kofia.

"Niache! Mimi si mbuzi!"

Watu walicheka. Mimi sikucheka. Nilimwona akirekebisha kilemba, na niliona aibu kwa ajili yake, na nikawachukia wanaume wale kwa chuki safi isiyo na mchanganyiko. Mama alirudi ndani akiegemea upande wake mmoja. Alivua kilemba, akakikunja, akakiweka juu ya mkebe. Kaka alibaki nje akiwaeleza majirani kazi ya winchi.

Asubuhi iliyofuata mama muuza maziwa alikuja na hakuwa na habari ya kuku wala ya chai. Alisema tu, "Anauliza ni leo?" Mama alimwambia ndiyo, ni leo. Kisha akamtuma mtoto wa jirani akamwite kaka.

"Nipeleke mahali ng'ombe inapandia lori," alimwambia.

Kaka hakuelewa. Mimi nilielewa. Pale soko la mifugo kuna kilima kidogo kilichojengwa kwa udongo na mawe, kinaanza chini na kuinuka polepole, na ng'ombe hukipanda mpaka wakaingia kwenye lori.

"Mama, pale kuna watu," nilisema.

"Hata hapa jana kulikuwa na watu."

"Mathe, hapana," kaka alisema. "Watu wa ofisi watasema nini?"

"Watasema mama yako amepanda gari."

Tukaenda, kaka akiendesha, mimi na mama kwenye teksi ya mzee mmoja nyuma yake. Ilikuwa siku ya soko. Malori yalikuwa yamepanga foleni, ng'ombe wakilia, vumbi na mavi vikinuka pamoja, na madalali wakishikana mikono chini ya shuka, wakipatana bei kwa vidole. Pikapu nyeusi iliyong'aa iliingia katikati ya hayo yote, ikangoja zamu yake nyuma ya mbuzi wa mtu. Kaka ilimbidi aisogeze ubavu kwa ubavu na kilima, mbele, nyuma, mbele, madereva wa malori wakimpigia kelele, mpaka mlango wa abiria ukagusana na udongo. Mchungaji mmoja aliegemeza fimbo yake kwenye boneti na kupumzika. Kaka alifungua kinywa, akaona jinsi yule bwana alivyokuwa mrefu, akakifunga.

Mama alianza kupanda kilima. Alipanda kwa mwendo wake, fimbo na mguu, fimbo na mguu, kwenye udongo uliosagwa na kwato. Kelele zilipungua. Dalali mmoja mwenye ndevu za hina alimwita kwa Kiswahili, "Mama, wewe ni wa kuuzwa?"

Mama alisimama. Alimjibu kwa Kiborana, sentensi moja tu, na soko zima likapasuka kwa kicheko. Baadaye nilimuuliza alisema nini. Alimwambia kwamba yeye ni wa kukamuliwa tu, na tena maziwa yake yote aliyanywa yule aliyeshika usukani. Dalali mwenyewe ndiye aliyekuja kumshika mkono, kwa adabu, mpaka pale kilima kilipolingana na sakafu ya gari. Mama akaingia kwa hatua moja, akakaa, akauliza mkebe uko wapi. Niliingia kupitia upande wa dereva nikabanwa katikati, rungu la gia likiwa magotini.

Njiani sitasema mengi. Springi za benchi la kanisa zilifanya kazi yake. Kila shimo liliingia nyongani mwa mama, na kila lilipoingia alikaza mikono kwenye mkebe na kutazama mbele. Tulivuka laga moja, mto wa msimu, iliyokuwa na maji ya kulowesha kwato za kondoo, na kaka, mwenye pua, alisimamisha gari akashuka kuyapima kina. Nilitaka kusema kitu. Mama alinifinya paja, nikanyamaza, na namdai mpaka leo.

Tulifika Kulamawe jua likiwa limesimama. Kaka aliegesha mbele ya nyumba ya yule bibi, akazima injini, akavuta breki. Vumbi lilipotua, nilitazama nje upande wa mama, chini, mbali sana chini, na nikafahamu jambo ambalo hakuna kati yetu, mwenye mabuti wala mwenye digrii ya sayansi, aliyekuwa amelifikiria. Kulamawe hakukuwa na kilima.

Nilishuka upande wa dereva. Watu walianza kukusanyika. Mtu alienda kutafuta pipa, likaja limetoboka. Vigoda vya Kiborana vinafika kwenye kifundo cha mguu. Ajabu, mahali palipopewa jina kwa ajili ya mawe, hapakupatikana jiwe moja kubwa la kukanyagia. Kaka alisimama kando akifuta vumbi kwenye taa.

Ndipo bibi alipotoka. Alikuwa mwembamba kuliko nilivyomkumbuka, shuka nyeusi kichwani, mkono begani mwa mkwewe. Aliambiwa kwa ishara kwamba mgeni amefika. Uso wake ulifunguka, akaja moja kwa moja mpaka kwenye gari, akasimama karibu na tairi akiinua kichwa.

"Salaam aleikum!" mama aliita kutoka juu.

Hakusikia. Alikuwa akitafuta kwa macho, akiyakunja, akiyafungua. Mama aliinama dirishani mpaka kilemba kikalegea, akamnyoshea mkono, na mkono haukufika. Aliita tena, kwa Kiborana, kwa jina walilokuwa wakitaniana nalo. Ilikuwa bure. Kwa masikio yaliyokufa mama alikuwa kimya, na kwa macho yale alikuwa mbali. Alikuwa ameketi juu ya kichwa cha rafiki yake kama malkia, kama alivyoahidiwa, na rafiki yake hamwoni.

Bibi alinyosha mkono akagusa mlango. Akaushusha ubavuni mwa gari, polepole, mpaka chini kabisa, akapapasa pale penye kovu. Alikuwa amekanyaga pale akiwa na uchungu, zaidi ya mara moja. Alipapasa kulia, akapapasa kushoto. Kisha alimgeukia mkwewe akasema maneno machache, naye akatutafsiria akiona haya.

"Anasema hii si gari ya daktari. Gari ya daktari ilikuwa na mguu."

Nilimtazama kaka. Nilikuwa na maneno mengi nimeyatunza tangu siku ya spana, yote makali, yote ya kweli, na nilikuwa nimefungua mdomo niyatoe.

Lakini bibi hakuwa amemaliza. Aliliinulia uso gari lile refu, akalipiga kofi kwenye tairi, na akatoa sauti kooni, ile sauti fupi ambayo watu wa kule humtolea ngamia wakitaka apige magoti ili apakiwe au apakuliwe. Alingoja. Gari halikushuka. Akalipiga tena, akatoa sauti ile ile, sasa kwa ukali, kama unavyomkaripia mnyama mwenye kiburi. Sijui kama alikuwa akitania. Hakuna aliyecheka.

Mara ya tatu, kaka yangu alipiga magoti.

Alienda pale chini ya mlango, akavua kofia, akaweka mikono kwenye mawe, akanyosha mgongo. Nilizunguka nikafungua mlango, mkwe wa bibi akamshika mama mkono mmoja na mimi mwingine. Mama aligeuka, akashusha mguu mzima kwanza, kisha ule mbovu. Kiatu chake cha ibada kilikanyaga kizibao chenye mifuko mingi, katikati kabisa, na nikasikia pumzi ya kaka ikimtoka. Alisimama pale juu yake kidogo zaidi ya ilivyolazimu, ninavyodhani mimi. Kisha akashuka.

Bibi alimshika uso kwa mikono miwili akausogeza karibu mpaka paji likagusa paji. Alitazama muda mrefu, jicho hili, kisha hili. Halafu alisema jambo, na wote wawili wakaanza kucheka, wakacheka mpaka wakalia, na mkebe wa buni ukawa katikati yao ukigonga.

"Anasema nini?" nilimuuliza mkwe.

"Anasema, 'Umezeeka vibaya.'"

Walikaangiwa buna kwenye samli, wakala, wakashikana mikono mchana kutwa bila kusemezana, kwa kuwa mmoja hasikii na mwingine hakuwa na haja. Mimi nilikaa kivulini nikimtazama kaka. Aliketi peke yake, mgongo wa kizibao ukiwa na alama ya kiatu kidogo cha kike, kisigino na kidole, imechorwa kwa vumbi la Kulamawe. Sikumwambia ipo. Jua lilipoanza kuteremka na mama akaomba fimbo yake, hakuna aliyemwita kaka. Alinyanyuka mwenyewe, akatembea mpaka kwenye mlango wa abiria, akapiga magoti akangoja.